Mama Kioo, mng'arishaji wa magitaa anayetafuta mashuka yaliyochakaa

Mlango wa karakana umeegeshwa tu, jua halijafika hata kwenye kizingiti, na Mama Kioo tayari ameshika shuka kuukuu kwa mikono miwili. Analiinua mbele ya dirisha. Analitazama linavyopitisha mwanga, analigeuza, anatafuta mahali palipotiwa kiraka. Kisha anakunja pembe moja na kuipitisha shavuni, halafu mdomoni, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa.

Anang'ata ukingo kwa meno ya upande mmoja, upande ambao bado una meno ya kutegemewa, na kuvuta. Shuka linachanika kwa sauti fupi na kavu.

"Umesikia?" anauliza. "Jipya hupiga kelele likichanwa, utadhani linaonewa. Hili limeguna tu. Limezeeka vizuri."

Anachomoa uzi mmoja na kuuwashia kiberiti. Uzi unaungua kama karatasi, unaacha jivu jepesi ambalo analipuliza likapotea. Hapo ndipo anapotabasamu. Kama uzi ungejikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi, shuka lote lingeishia kupangusia sakafu, kwa sababu ndani yake mngekuwa na plastiki, na plastiki hainywi.

"Nataka kitambaa kinachokunywa," anasema, "na kinachojua kutoa kidogo kidogo. Mlevi simtaki."

Mama Kioo ana umri wa miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kung'arisha magitaa yanayotengenezwa na mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima humwita Fundi. Fundi anakata mbao, anazikunja kwa moto, anaziunganisha, anazipiga msasa mpaka ubao unateleza chini ya kiganja. Akimaliza, gitaa ni gitaa, lakini bado liko uchi. Kulivisha ni kazi ya dada.

Vazi lenyewe ni shelaki, gundi inayotolewa na wadudu wadogo wa mitini, inayouzwa ikiwa vipande vyembamba vyenye rangi ya asali. Vipande hivyo hulowekwa ndani ya spiriti mpaka viyeyuke. Hapo karakana shelaki haipakwi kwa brashi wala haipuliziwi. Inapakwa kwa kitu wanachokiita kifundo: donge la sufu ndani, lililotoka kwenye soksi iliyofumuka, na kitambaa cha pamba nje, vikasokotwa pamoja kwa nyuma kama mtu anavyofunga sarafu kwenye ncha ya leso.

Sufu ndiyo tumbo, inaweka akiba. Kitambaa ndicho mdomo. Kila tone linalofika kwenye ubao limepitia mdomoni kwanza, na ndiyo maana Mama Kioo hana mzaha na vitambaa.

Cha rangi hakitaki, maana spiriti huikamua rangi, ikaingia kwenye ubao mweupe wa kifua cha gitaa na isitoke tena. Cha fulana anakikwepa kwa sababu kinavutika, na kikivutika kinajikunja, na mkunjo mmoja tu unachora mstari. Kipya kina wanga wa kiwandani na manyoya madogo madogo ambayo jicho haliyaoni mpaka yamegandia kwenye kazi. Kilichochakaa kupita kiasi nacho kinatoboka ukiwa katikati ya safari. Anachotaka ni shuka la pamba lililolaliwa na kufuliwa miaka na miaka, likachoka lakini lisikate tamaa.

"Hata watu wa namna hiyo ni wachache," anasema Fundi kutoka kwenye kona yake, bila kugeuka.

"Wewe piga randa," anajibiwa.

Zamani Mama Kioo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule mpaka macho yakaanza kumgomea, akawa anaitoboa hewa kwa uzi huku tundu la sindano likimcheka pembeni. Siku hizo mdogo wake alikuwa akihangaika peke yake, anatengeneza gitaa zuri kisha analiharibu mwishoni kwa haraka zake. Akamwambia, dada, wewe unajua nguo, njoo unisaidie na hivi vitambaa. Akaja kusaidia vitambaa, akabaki na kazi nzima.

Jina la Mama Kioo alipewa na mteja. Mteja huyo alikuja kuchukua gitaa lake, akaligeuza, akaona uso wake mgongoni mwa gitaa, akatoa kitana mfukoni na kuanza kuchana nywele. Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya gundi mbichi. Suruali ilikwisha kazi siku hiyo, jina likabaki.

Si kazi ya kutajirika. Mama Kioo hulipwa kwa gitaa, na mwezi ukiwa mzuri yanatoka matatu. "La kwanza ni kodi ya nyumba," anasema. "La pili ni la sokoni. La tatu likipatikana ni la viatu na dawa ya presha. Yakitoka mawili, presha inangoja." Bega la kulia humuuma baridi ikianza. Ngozi ya vidole imekauka kwa spiriti, na dirisha huliacha wazi hata mvua ikinyesha, kwa sababu akilifunga kichwa kinamgonga.

Hata hivyo ndiyo kazi aliyonayo, na msimu wa mvua uliopita nusura aipoteze.

Mezani kulikuwa na gitaa la mwalimu wa muziki, mwanamke mpole aliyekuwa akilisubiri tangu mbao zake zilipokuwa bado zinakauka darini. Mwalimu alikuwa na siku yake: angelipiga ukumbini shuleni, mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao. Kitambaa cha kifundo cha zamani kilikuwa kimetoboka, kwa hiyo Mama Kioo akachukua kingine kutoka kwenye akiba aliyoileta kutoka nyumbani, vipande vya mashuka alivyokwisha kuvikata na kuvifua. Akafunga kifundo kipya, akakinywesha, akaanza.

Kifundo hakitui juu ya ubao. Kinashuka kwa ubavu kikiwa tayari kinatembea, kinazunguka, kinaandika namba nane, kinatokea upande wa pili bado kinatembea. Kikisimama, hata kwa kupiga chafya, kinagandia na kung'oa kila kilichowekwa. Kikienda vizuri, nyuma yake huacha ukungu mwembamba wa spiriti inayoruka, na ukungu huo hutoweka kabla hujamwonyesha mtu.

Safari ile haukutoweka.

Ulibaki juu ya ubao, mweupe, kama pumzi kwenye dirisha la baridi. Na ndani yake mkatokea vijiduara vidogo, mahali ambapo shelaki imejivuta pembeni na kukataa kukaa.

"Nikasema, haya, ni mvua," anakumbuka. "Hewa ikiwa na maji mengi shelaki hununa. Nikaingoja siku kavu."

Siku kavu ikaja. Shelaki ina jambo moja la kheri, kwamba ukiipangusa kwa spiriti inayeyuka na unaanza upya. Akapangusa yote, akaanza upya, na weupe ukarudi mahali pake kama mtu aliyetoka kidogo tu kununua chumvi.

Akaishuku shelaki, akaloweka nyingine. Akamshuku muuza spiriti kwamba ameongeza maji, akaenda kununua duka la mbali. Yale mafuta ya zeituni anayotia tone moja ili kifundo kiteleze, akayamwaga na kufungua chupa mpya. Akafunga kifundo kingine kwa sufu nyingine. Kitambaa cha nje kila mara alikitoa kwenye fungu lile lile.

"Kitambaa sikukishuku hata siku moja," anasema, anatikisa kichwa. "Ningekishuku vipi? Kilikuwa laini kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nikajisifu kabisa, nikasema leo nimepata vitambaa vya kifalme."

Fundi aliangalia yote haya akiwa kwenye kona yake. Ni mtu asiyependa ugomvi, na asiyependa ugomvi husema jambo lake akiwa ameinama.

"Dada," akasema siku moja, akijifanya anatafuta patasi chini ya meza, "kuna jamaa anauza mashine ya kupulizia vanishi. Imetumika, lakini nzima."

"Ya nini?"

"Ya kupulizia."

"Nimesikia ya kupulizia. Nauliza ya nini."

Akainuka bila patasi. "Mwalimu anakuja kuchukua gitaa lake. Nikimpa lina ukungu, atawaambia walimu wenzake, nao watawaambia wanafunzi. Na hao ndio wateja wetu. Sikufukuzi, dada yangu. Nasema tu mashine haina siku mbaya."

"Wala haina siku nzuri," akamjibu.

Lakini usingizi ulimkimbia. Wote wawili walijua hesabu ilivyo. Mashine ikiingia, gitaa linapuliziwa asubuhi na jioni linakauka, na anayeshika mashine ni Fundi mwenyewe. Hakuna kazi ya dada katika mpango huo, labda kufagia. Wakakubaliana hivi: kama la mwalimu litatoka safi kabla hajalifuata, mashine isubiri. Likitoka na ukungu, Fundi atakwenda kwa yule jamaa.

Jibu lilikuja kwa uzembe wa kiwiko. Mama Kioo alikuwa ameweka kikombe cha maji mezani, mahali ambapo kila siku huwakataza wengine. Akakigonga. Maji yakaanza kukimbilia shingo ya gitaa iliyokuwa imelazwa hapo, akanyakua kitambaa kimoja kwenye fungu lake la kifalme, akakibana juu ya maji.

Maji yakakipita.

"Nakwambia yalikipita! Yalizunguka pembeni yakaendelea na safari yake, kitambaa kikawa kinaelea kama jani. Nikavua kilemba changu, nikakitupa pale, kikameza yote mara moja. Kilemba cha kichwani! Na kile kilichokuwa cha kazi kinaelea."

Alipokwisha kuiokoa shingo, akakaa. Akatandaza kitambaa kingine cha fungu, kikavu, akachovya kidole kwenye kikombe na kudondosha tone moja katikati. Tone likakaa juu, duara, linameta, halina haraka. Akadondosha lingine kwenye kilemba, upande uliokuwa bado mkavu. Likazama hata kabla kidole hakijaondoka.

Akakinusa kitambaa. Kwa mbali sana, chini ya harufu ya spiriti, akanusa maua.

Mama Kioo anaishi na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana ni dereva wa malori, wiki hii yupo, wiki ile hayupo. Mkwe ameolewa karibuni, na Mama Kioo bado humwita Bibi Harusi, kwa mapenzi na kwa utani, hasa akimkuta amebeba ndoo. Bibi Harusi anafanya kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni. Huko sheria ni moja: shuka na taulo visipotoka laini na vikinukia, msimamizi anavirudisha kwenye beseni.

Tangu aingie nyumbani, kila kitu kilinukia maua. Mapazia yalinukia, foronya zilinukia, hata kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa na harufu ya bustani. Mwanzoni Mama Kioo alikuwa akisimama mlangoni na kuvuta pumzi kwa raha. Kisha pua ikazoea, ikaacha kumpa habari.

Alirudi nyumbani mchana ule na kitambaa mkononi. Bibi Harusi alikuwa zamu ya jioni, hajaondoka bado, anakunja nguo kitandani.

"Mwanangu, njoo uone kitu," Mama Kioo akasema. Alikuwa ameahidi nafsi yake kwamba hatapandisha sauti. Akatandaza kitambaa juu ya stuli, akadondosha tone.

Bibi Harusi aliinama. Akalitazama lile tone kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

"Hiki kimelainishwa, mama," akasema papo hapo. "Tena kimezidishwa. Taulo zetu za kazini huwa hivi hivi zikitiwa dawa nyingi, mgeni anajifuta na bado amelowa, anakuja kutugombeza na..."

Mkono ukaenda mdomoni.

Ilikuwa siku moja ya mapumziko, akaeleza. Aliliona fungu la vitambaa kwenye kapu, vimekauka vikavu, havina harufu yoyote. Akamwonea mama mkwe huruma, mtu anafanya kazi na matambara kama yale. Akavifua vyote upya, akavitia dawa ya kulainisha mara mbili ili vipendeze, akavianika, akavikunja, akavirudisha. Hakusema chochote. Alitaka Mama Kioo avigundue mwenyewe na kufurahi.

"Na nilifurahi!" anasema Mama Kioo leo, anacheka huku anajifuta jicho. "Ndiyo balaa lenyewe. Nilifurahi sana."

Siku ile hakuna aliyecheka. Bibi Harusi alikwenda kabatini, akatoa mashuka yake mawili meupe, ya harusi, bado na mikunjo ya dukani, akayaweka mapajani mwa mama mkwe.

"Chukua haya, mama. Chana utakavyo."

Mama Kioo akayapapasa. Mazuri, mazito, yana wanga mpaka yanasimama yenyewe. "Haya hayanifai, mwanangu."

"Nakuomba, mama. Usinikatalie."

"Sikukatalii. Nakwambia hayanifai. Nenda ukayalalie kwanza, wewe na mumeo, muyafue, watoto wayakojolee, muyafue tena. Wajukuu wakianza shule, niletee."

Hapo Bibi Harusi akacheka na kulia kwa pamoja, na mambo yakalainika pasipo dawa. Kisha akafunga kanga ya kazi kiunoni na kuuliza swali ambalo Mama Kioo hakulitegemea.

"Vyote viko wapi?"

Maana kama kuna kitu mfuaji wa nyumba ya wageni anakijua, ni namna ya kuirudisha taulo iliyokataa maji. Mama Kioo alikuwa tayari anawaza kuvitupa vyote na kuanza kuombaomba mashuka mtaani, na mashuka ya pamba tupu siku hizi hayaokotwi. Bibi Harusi akatuma ujumbe kazini kuomba abadilishiwe zamu, akabandika sufuria kubwa jikoni. Vikachemshwa kwa soda ya kufulia mpaka maji yakatoa utando wa mafuta juu. Vikasuuzwa. Vikalowekwa kwenye maji yenye siki. Vikasuuzwa tena, na tena, kwa maji matupu.

Uani, mabeseni yakiwa baina yao, mikono imelowa hadi viwiko, Mama Kioo akaona ukimya umekuwa mrefu. Na yeye ukimya ukirefuka hutega vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Anatembea kutwa juu ya meza ya watu, akisimama tu ameharibu."

Bibi Harusi akawaza, akakamua. "Nzi?"

"Nzi akisimama kaharibu nini? Anayeharibu ni anayemfukuza akavunja glasi."

"Paka."

"Paka wa nani anatembea kutwa? Wa hapa analala."

"Basi, mama, nimeshindwa."

"Kifundo." Akamwonyesha kwa ngumi juu ya ubao wa kufulia: kushuka kwa ubavu, kuzunguka, namba nane, kutoka. Bibi Harusi akaiga kwa kitambaa alichokuwa nacho. Mkono wake ulikuwa mzito kwenye kona, lakini haukusimama.

"Sasa zamu yangu," akasema. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nilimpa manukato, akasusa maji."

Mama Kioo alijifanya anafikiri sana, akataja samaki, akataja ngamia, mpaka Bibi Harusi akashindwa kujizuia. "Vitambaa vyako, mama!"

Walicheka mpaka jirani akachungulia kwa juu ya ukuta kuuliza kuna nini, akaambiwa kuna kufua.

Vilipokauka, vilikuwa vikavu kweli, vimerudia ukakamavu wao, havina harufu ya kitu chochote. Mama Kioo akadondosha tone. Likazama. Hakuridhika. Akalijaribu kila kitambaa, kimoja kimoja, na vile ambavyo tone lilisitasita akavitenga, vikarudishwa jikoni.

Huko karakana, Fundi alitaka maelezo.

"Kitambaa kilichafuka," dada yake akamwambia.

"Kilichafukaje?"

"Kwa usafi."

Fundi akamkodolea macho. Mama Kioo hakuongeza neno, kwa sababu hakutaka jina la mtu liingie karakana kwa ubaya. Lakini Bibi Harusi mwenyewe alikuwa nyuma yake mlangoni na kapu la vitambaa.

"Ni mimi, mjomba," akasema. "Nilivitia dawa ya kulainisha. Sikujua."

Fundi akalitazama kapu, akamtazama dada, akamtazama mkwe. "Kumbe!" akasema. "Mimi nashuku mvua, dada anashuku wenye maduka, na mwenye makosa yuko nyumbani anatupikia chai."

"Na chai ulikunywa," akasema Mama Kioo.

"Nilikunywa. Ilikuwa tamu." Akamvutia mkwe kigoda. "Kaa, mama. Uone sasa kama gitaa litatoka safi."

Mama Kioo hakuligusa gitaa la mwalimu kwanza. Alifunga kifundo, akakijaribu juu ya kipande cha ubao kilichobaki kutoka kwenye mti ule ule, akakiacha kipande hicho kilale. Asubuhi akakipeleka dirishani. Palikuwa na mng'ao tu, na chini yake mistari ya mti, wazi, kana kwamba mtu amemwaga maji safi juu ya ubao na maji yakaamua kubaki. Ndipo akakipangusa kifua cha gitaa kwa spiriti, chote, mpaka mbao tupu, na kuanza.

Mwalimu alikuja na mfuko wa gitaa mtupu begani. Hakukaa. Alilichukua gitaa, akalipeleka dirishani, akaliinamisha ili mwanga ulambe ubavu, akatazama kutoka chini kwenda juu. Fundi alikuwa ameshika patasi ambayo haikuwa na kazi. Mama Kioo alikuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Mbona kama hamjapaka kitu?" mwalimu akauliza.

Mama Kioo akavuta pumzi. "Umeona ukungu?"

"Sijaona chochote. Naona mti tu." Akaketi, akakaza nyuzi, akapiga kidogo, akaweka sikio lake karibu na ubao kama anayesikiliza ukuta wa jirani. Kisha akapiga tena, kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza.

Alipoondoka, Fundi alitoka nje na simu. Sauti yake ilisikika vizuri kupitia dirisha lile linaloachwa wazi siku zote. "Mwuzie mwingine tu, kaka. Mimi nimeahirisha."

Akarudi ndani. "Nimeahirisha," akamwambia dada yake, akinyoosha kidole. "Sijaghairi. Yale ya wanaojifunza, ya bei ndogo, iko siku nitayapulizia."

"Yapulizie. Hayo hata mimi yananichosha. Haya mazuri niachie."

"Haya mazuri ni yako."

Hivyo ndivyo walivyoachiana, na mpaka sasa hakuna aliyevunja.

Mashuka nayo yamepata njia. Nyumba ya wageni anakofanya kazi Bibi Harusi huwa na mashuka yanayochakaa, ambayo zamani yalikatwa kuwa matambara ya kudekia. Msimamizi amekubali kumuuzia yale ya pamba tupu kwa bei ya tambara. Yanakuja yananukia bustani nzima. Yanachemshwa kwa soda, yanasuuzwa kwa siki, yanapimwa kwa tone, na hakuna linaloingia karakana kabla ya mfuaji mwenyewe kusema limekunywa.

Siku zake za mapumziko, Bibi Harusi huja karakana. Alianza na vipande vya mbao, akahamia migongo ya magitaa, mahali ambapo kosa hufichika kwenye tumbo la mpigaji. Bado anabana sana kona. Bado akiitwa kwa ghafla hugeuka, na akigeuka mkono unasimama, na mkono ukisimama Mama Kioo hupiga mluzi kama mwamuzi wa mpira.

"Endelea kutembea!" anamwambia. "Anayekuita atangoja."

"Ni simu ya mwanao, mama."

"Huyo ndiye atangoja zaidi."

Leo, shuka lililoguna vizuri limekwisha kukatwa mapande. Bibi Harusi amepewa, kwa mara ya kwanza, gitaa lenye kifua kisichopakwa bado. Ameshusha kifundo kwa ubavu. Nyuma ya mkono wake ukungu mwembamba unatokea, unatoweka. Fundi amesitisha randa bila kutangaza.

Mama Kioo hamwangalii mkono. Anaangalia ukungu tu, na ameketi chini, jambo ambalo halifanyi akiwa kazini.

Mpango wake hauendi mbali. Anataka huyu mkwe afikie mahali pa kumaliza gitaa zima peke yake, mbele, nyuma na ubavuni, lisijulikane limepakwa na mkono wa nani.

"Nataka siku moja niamke na mafua," anasema. "Mafua ya kweli, ya kulala kutwa na kuletewa uji. Na huku gitaa litoke, mwenyewe alichukue, aondoke zake, asiulize hata kidogo Mama Kioo yuko wapi."